Paa Litasimama Dakika Ngapi? Kuunganisha Hesabu ya Moto na Hesabu ya Chuma

Buseresere ya wilaya ya Chato na Katoro ya wilaya ya Geita zimegusana kiasi kwamba mgeni anaweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kujua. Fedha ya dhahabu imezijaza fremu za maduka, maghala ya mpunga, nyumba za wageni, vituo vya mafuta na mabanda ya biashara. Kwa mtu mwenye kiwanja na haja ya kuanza kazi mapema, banda la chuma ndilo jibu la karibu: nguzo za bomba la mraba, kenchi za kuchomelea, papi za chuma, kisha bati. Linasimama kwa muda mfupi, na uwazi wake wa ndani unaruhusu meza nyingi na mizigo mingi.

Kuna swali ambalo mwenye banda hulisahau, na mhandisi anapaswa kumuulizia. Moto ukishika katikati ya mitumba na magodoro, paa litabaki juu kwa dakika ngapi? Jibu lake ndilo linalosema kama watu watatoka, kama wazimamoto wanaweza kuingia, na kama kesho yake kutabaki kitu cha kukarabati.

Nchi yetu imeonyeshwa mara mbili, katika muda mfupi, jinsi jibu hilo linavyoweza kutofautiana. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliwaka katika Soko Kuu la Kariakoo, jengo la zege lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970. Mali iliteketea, lakini mwili wa zege ulibaki umesimama na jengo likakarabatiwa. Januari 16, 2022, ikawa zamu ya soko la Karume, pale Ilala, ambako vibanda viliteketea na hapakuwa na mwili wa jengo wa kuokoa. Banda la chuma chembamba liko katikati ya hali hizo mbili. Haliungui kama mbao, wala halivumilii joto kama zege nene. Hatima yake inategemea unene wa bomba, mahali moto ulipo na namna moshi unavyotoka, na mambo hayo yote yanakokotoleka.

Programu za kukokotoa zipo, na nyingine ni za bure. Fire Dynamics Simulator, maarufu kama FDS, inatolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu mwaka 2000, na yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kwa upande wa joto ndani ya chuma na zege kuna Elmer kutoka Finland, Code_Aster kutoka Ufaransa na CalculiX, nazo ni za bure. Ugumu uko kwenye daraja kati ya hesabu hizi mbili. Ukilijenga vibaya daraja hilo, picha za moto zitapendeza, rangi za chuma zitapendeza, na jibu litakuwa la uongo. Makala haya yanahusu daraja hilo, na ushauri wangu mkuu ni huu: kinachovuka kutoka upande wa moto kwenda upande wa jengo kiwe joto ambalo uso wa chuma unalipokea, na usiridhike na halijoto ya hewa iliyo karibu nao.

Kwa nini hesabu hizi hazishikani zenyewe

Hesabu ya moto hugawa hewa ya jengo katika vijisanduku vya sentimita 10 au 20, na husonga mbele kwa sehemu ndogo za sekunde, kwa sababu miali na moshi hubadilika haraka. Hesabu ya jengo hushughulika na unene wa milimita chache, na chuma kinahitaji sekunde nyingi au dakika kabla ya kubadilika kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mizani ya urefu imepishana, na mizani ya muda pia imepishana.

NIST wenyewe walikutana na tatizo hili walipochunguza kuanguka kwa majengo ya World Trade Center ya New York. Walikuwa na FDS kwa ajili ya moto na ANSYS kwa ajili ya chuma, lakini iliwabidi watengeneze njia maalumu ya kuhamisha joto kutoka programu moja kwenda nyingine. Ripoti yao ya mwaka 2005 ilionyesha wazi kwamba kazi ya kuunganisha ni kazi ya kihandisi inayojitegemea, yenye makosa yake na uhakiki wake. Sisi wa mabanda ya soko hatuna majengo ya ghorofa 110, lakini fizikia ni ileile.

Anza na mzigo wa moto uliopo, na si wa kitabuni

Kabla ya kufungua kompyuta, ingia sokoni na daftari. Viwango vya Ulaya vinakadiria mzigo wa moto katika maduka kuwa wastani wa megajuli 600 kwa mita ya mraba. Hayo ni maduka yenye njia pana na bidhaa zilizopangwa kwa nafasi. Fremu zetu hujazwa hadi darini.

Chukua fremu ya mfano ya mita 3 kwa 4. Ndani kuna mabelo 10 ya mitumba ya kilo 45 kila moja, kilo 100 za magodoro ya sponji, na kilo 100 za mbao za rafu. Nguo hutoa takriban megajuli 20 kwa kilo, sponji 25, mbao 17.5. Jumla ni megajuli 13,250. Ukigawa kwa mita 12 za mraba, unapata takriban megajuli 1,100 kwa kila mita ya mraba, karibu mara mbili ya namba ya Ulaya. Ukiongeza matairi ya pikipiki, yenye megajuli 30 kwa kilo, au madumu ya petroli yenye megajuli 45 kwa kilo, hesabu inapanda tena. Mhandisi aliyenakili namba ya kitabuni ameshakosea kabla moto haujawashwa kwenye kompyuta.

Usiishie kwenye moto mmoja. Jaribu moto unaoanzia katikati ya banda, mwingine ulio ubavuni mwa nguzo ya pembeni, na mwingine unaotembea kutoka meza moja hadi nyingine. Jaribu pia milango ikiwa imefungwa usiku na ikiwa wazi mchana. Moto unaounguza paa lote kidogo kidogo na moto unaoshambulia nguzo moja kwa ukali huleta maangamizi ya aina tofauti.

Ukubwa wa vijisanduku una kanuni

Wanaoanza kutumia FDS huchagua ukubwa wa vijisanduku kwa kuangalia uwezo wa kompyuta. Anza na ukubwa wa moto. Kuna kipimo cha urefu kinachotokana na kasi ya moto kutoa joto. Kwa moto wa megawati 5 kipimo hicho ni takriban mita 1.8. Desturi ya watumiaji wa FDS ni kukigawa kwa namba kati ya 4 na 16. Ukigawa kwa 10, unapata vijisanduku vya sentimita 18.

Kisha punguza ukubwa kwa nusu na urudie hesabu, angalau kwa dakika chache za mwanzo. Majibu yakibadilika sana, hesabu ya kwanza haikutosha. Fahamu gharama yake mapema: kupunguza kwa nusu huongeza vijisanduku mara 8, na kazi ya kompyuta karibu mara 16 kwa kuwa hatua za muda nazo hupungua. Hesabu kama hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kwenye kompyuta ya ofisini, hivyo iamuru programu ihifadhi hali ya hesabu kila baada ya muda. Umeme ukikatika, utaendelea ulipoishia badala ya kuanza upya.

Hewa ya nyuzi 60 inaweza kuficha hatari

Sasa tuingie kwenye kiini. Shuleni tulifundishwa njia tatu za joto kusafiri: mpitisho ndani ya kitu kigumu, myuko kupitia hewa inayosogea, na mnururisho unaoruka kutoka kwenye mwali hadi kwenye kitu bila kuhitaji hewa ya katikati. Katika moto mkubwa, mnururisho ndio bwana. Anayesimama karibu na moto wa kuni usiku wa baridi uso humuungua huku hewa anayovuta ikiwa ya baridi. Nguzo iliyo mita chache kutoka kwenye rundo la magodoro yanayowaka iko katika hali hiyohiyo.

Tuweke namba. Nguzo inapokea mnururisho wa kilowati 30 kwa mita ya mraba kutoka kwenye miali, huku hewa inayoizunguka, chini ya tabaka la moshi, ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi. Mhandisi aliyechukua halijoto ya hewa atahitimisha kwamba nguzo iko salama. Lakini ukiulizia uso wa kufikirika usiopitisha joto lolote kwenda ndani ungefika nyuzi ngapi mahali pale, ukichukua uwezo wa uso kunyonya mnururisho kuwa 0.7 na kipimo cha myuko kuwa wati 25 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, jibu ni takriban nyuzi 455. Huko ndiko chuma cha upande unaoutazama moto kinakoelekea. Kwenye nyuzi hizo ugumu wa chuma dhidi ya kupinda umepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na nguzo nyembamba ndefu huanguka kwa kupinda kabla chuma chenyewe hakijaisha nguvu.

Halijoto hiyo ya uso wa kufikirika, usiopitisha joto ndani hata chembe, huitwa halijoto adiabatiki ya uso. Mtafiti wa Sweden Ulf Wickström ndiye aliyeisimamia, na mwaka 2007 yeye pamoja na wenzake wa NIST walieleza namna ya kuitumia kama daraja kati ya hesabu ya moto na hesabu ya jengo. Uzuri wake ni kwamba inabeba mnururisho na myuko katika namba moja inayobadilika na wakati. Kila upande wa nguzo unapata namba yake, kisha hesabu ya chuma inaichukua kana kwamba ni halijoto ya tanuri linaloutazama upande ule.

FDS huitoa namba hii moja kwa moja ukiiomba. Wengi huomba badala yake joto halisi linaloingia kwenye uso, kwa wati kwa mita ya mraba, kisha hulipeleka kwenye chuma. Hapo kuna mtego. Joto linaloingia hutegemea uso wenyewe umeshapata moto kiasi gani. Kama ndani ya FDS uso ule ni ukuta wa tofali, kiasi kinachoingia ni cha tofali, na ukikipachika kwenye bomba la chuma la milimita 4 umechanganya miili miwili. Halijoto adiabatiki haina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa inaeleza mazingira ya moto na kuuachia upande wa chuma ujibu wenyewe. Hakikisha tu kwamba uwezo wa kunyonya mnururisho na kipimo cha myuko ulivyotumia upande mmoja ndivyo unavyotumia upande wa pili.

Mahali pa kuweka vihisi

Bomba la kenchi lenye upana wa sentimita 5 ni dogo kuliko kijisanduku cha sentimita 18. Ukilichora ndani ya FDS, programu italivimbisha lilingane na kijisanduku au italifuta, na ukilivimbisha utakuwa umejenga ukuta unaozuia moshi. Liache nje ya modeli ya moto. Weka badala yake vihisi angani, katika mstari ambao kenchi itapita, na kila kihisi kielekezwe upande wake: chini, juu, kushoto, kulia. Moto haushambulii pande zote sawasawa. Upande wa chini wa boriti huona miali, wa juu huona bati, na tofauti yao inaweza kuwa ya mamia ya nyuzi.

Kwa nguzo, weka vihisi kila nusu mita kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Sehemu iliyo ndani ya tabaka la moshi na sehemu iliyo chini yake zina hadithi tofauti, na mpaka wa tabaka hilo hushuka kadiri dakika zinavyopita. Usisahau viungo. Bamba na bolti zinazofunga kenchi kwenye nguzo ndizo njia ya mzigo wote.

Unapohamisha namba, kagua vipimo kwa macho yako. FDS hutumia mita na sekunde. Mchoro wa jengo mara nyingi umewekwa kwa milimita. Halijoto moja iko kwa Selsiasi, na kanuni ya mnururisho inadai Kelvini. Kila kihisi lazima kiende kwenye uso unaotazama upande uleule. Programu ikichagua kihisi kilicho karibu zaidi bila kujali mwelekeo, upande wa kivuli utapewa joto la upande wa miali. Chagua sehemu tano za jengo bila mpangilio, soma namba upande wa FDS, kisha isome upande wa pili. Zikilingana zote, endelea.

Wastani wa muda usifute mnururisho

Namba za FDS hurukaruka kwa sababu miali yenyewe hurukaruka. Hesabu ya chuma haihitaji kila mruko, hivyo ni sahihi kuchukua wastani wa sekunde 10 au 30. Lakini angalia unachokiwekea wastani. Mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto. Uso unaoona nyuzi 400 kwa nusu ya muda na nyuzi 1,000 kwa nusu nyingine una wastani wa kawaida wa nyuzi 700. Kwa mnururisho peke yake, joto unalolipokea ni la tanuri la nyuzi 818. Ukitumia 700 umelipunguza joto bila kukusudia, na kosa limeegemea upande wa hatari.

Njia salama ni kukokotoa wastani wa mnururisho unaofika kwenye uso na wastani wa halijoto ya hewa kila kimoja peke yake, kisha kutafuta halijoto adiabatiki kutokana na wastani hizo mbili. Kwa bomba jembamba usizidishe muda wa wastani: chuma cha milimita 4 kinaweza kupanda nyuzi 100 ndani ya nusu dakika.

Upande wa chuma: tabia hubadilika na joto

Chuma baridi na chuma cha moto ni kama vyuma viwili tofauti, na hesabu lazima ijue hivyo. Kwa kanuni za Ulaya, chuma cha kawaida hubaki na nguvu yake hadi nyuzi 400. Kwenye nyuzi 500 imebaki asilimia 78, kwenye 600 asilimia 47, kwenye 700 asilimia 23. Ugumu dhidi ya kupinda huanza kushuka mapema zaidi: asilimia 60 kwenye nyuzi 500 na asilimia 31 kwenye nyuzi 600. Uwezo wa chuma kupitisha joto hushuka kutoka wati 54 hadi takriban 27 kwa mita kwa kila nyuzi, na joto linalohitajika kukipandisha nyuzi moja huongezeka ghafla karibu na nyuzi 735, ambapo muundo wa ndani wa chuma hubadilika. Mhandisi anayeweka namba moja isiyobadilika kwa kila tabia anakokotoa chuma kisichokuwepo.

Kutanuka nako kuna uzito wake. Boriti ya mita 10 ikifika nyuzi 600 hurefuka karibu sentimita 8. Kama imebanwa kati ya kuta mbili za tofali, itasukuma ukuta au itapinda yenyewe. Nguzo iliyopashwa upande mmoja hupinda kuelekea kwenye moto, kwa sababu upande wa moto hurefuka zaidi, na mzigo wa paa huongeza upindaji huo. Ndiyo maana tofauti ya pande nne za nguzo haifai kufutwa kwa wastani.

Paa linapofunguka, moto hubadilika

Katika majengo mengi inatosha joto kuvuka upande mmoja tu: moto unakokotolewa kwanza, jengo linafuata. Mabanda ya bati yana jambo la ziada. Bati ni jembamba mno na hupata moto ndani ya sekunde chache. Misumari hulegea, vipande vya plastiki vya kuingizia mwanga huyeyuka, na paa hufunguka. Tundu likipatikana, moshi hutoka na hewa mpya huingia. Nguzo fulani hupata nafuu, nyingine hupata moto mkali zaidi.

Hapa fanya kazi kwa awamu. Kokotoa moto na jengo hadi dakika ambayo sehemu ya paa inaachia, fungua sehemu hiyo ndani ya FDS, kisha endelea. Ikiwa huna uhakika wa dakika yenyewe, kokotoa mara mbili: paa likiwa limefunguka mapema, na likiwa limechelewa. Chukua jibu baya zaidi kati ya hayo mawili.

Usifunge hesabu moto unapozimika

Joto husafiri polepole ndani ya zege. Miali inapofifia, uso huanza kupoa lakini kiini cha nguzo nene huendelea kupanda kwa muda mrefu. Chuma kilichopinda na kubanwa husinyaa kinapopoa na kuvuta viungo vyake. Katika majaribio ya Cardington, Uingereza, miaka ya 1990, ambako jengo la chuma la ghorofa nane lilichomwa makusudi, baadhi ya viungo vilipasuka wakati wa kupoa. Wazimamoto na wenye mali huingia saa hizo. Endeleza hesabu hadi kila sehemu ya ndani iwe imeanza kushuka.

Hakiki kwa mkono kabla ya kuamini rangi

Hakuna jibu la kompyuta linaloruhusiwa kutoka ofisini bila kupimwa kwa hesabu ya karatasi. Kwa chuma chembamba hesabu hiyo ni rahisi, na inaingia kwenye jedwali la Excel. Joto linaloingia kwa mita ya mraba ni:

q = 0.7 × 5.67 × 10⁻⁸ × (T₁⁴ − T₂⁴) + 35 × (T₁ − T₂)

T₁ ni halijoto adiabatiki na T₂ ni halijoto ya chuma, zote kwa Kelvini. Kipimo cha myuko cha 35 ndicho viwango vya Ulaya vinachokipendekeza kwa modeli za moto halisi. Zidisha q kwa uso unaopashwa, gawa kwa uzito wa chuma na joto linalohitajika kukipandisha, usonge mbele kwa sekunde 5 kila hatua.

Ukiweka mazingira ya nyuzi 800 yasiyobadilika, bomba la milimita 4 lisilo na kinga hufika nyuzi 600 ndani ya takriban dakika 3. Bomba la milimita 10 huchukua dakika 7 na nusu hivi. Kompyuta ikikuambia kwamba bomba lako la milimita 4 limekaa nusu saa kwenye moto wa aina hiyo likiwa na nyuzi 300, kuna kosa: labda vipimo, labda vihisi, labda mnururisho haukuvuka daraja.

Kipimo cha pili ni mkondo wa halijoto wa tanuri la majaribio, ISO 834, unaofika takriban nyuzi 842 kwa dakika 30 na nyuzi 945 kwa saa moja. Upitishe kwenye modeli yako ya chuma peke yake, bila FDS, ulinganishe na majibu yanayojulikana vitabuni. Ukifaulu hapo, kosa lolote litakalobaki litafute kwenye daraja au kwenye moto.

Jibu liishie kwenye uamuzi

Hesabu isiyobadilisha mchoro ni kazi bure. Ikionyesha kwamba nguzo mbili za karibu na mlango ndizo zitakazoanguka kwanza, zifunike kwa zege au zijengee tofali kuzizunguka. Ikionyesha kwamba kenchi inaangushwa na fremu moja iliyojaa magodoro, jenga ukuta wa tofali unaofika hadi chini ya bati, au uhamishe bidhaa hiyo. Ikionyesha kwamba matundu ya juu yanatoa moshi wa kutosha kuongeza dakika kadhaa, yaweke tangu mwanzo. Mara nyingi kinga ya sehemu chache zilizochaguliwa kwa hesabu hugharimu kidogo kuliko kunenepesha chuma cha banda zima, na hiyo ni lugha ambayo mfanyabiashara wa Buseresere anaielewa vizuri.

Andika ripoti ambayo mkaguzi anaweza kuifuata: mzigo wa moto uliohesabiwa na namna ulivyohesabiwa, ukubwa wa vijisanduku na jaribio la kuvipunguza, mahali pa vihisi, namna wastani ulivyofanywa, uhakiki wa karatasi, na dakika ambazo kila sehemu muhimu inastahimili. Ipeleke pamoja na michoro kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililopewa jukumu lake kwa sheria ya mwaka 2007. Mwenye jengo mwachie karatasi moja ya Kiswahili inayosema wazi: kutoka hapa mnatakiwa muwe nje ndani ya dakika fulani, nguzo hizi zisiondolewe kinga, bidhaa hizi zisirundikwe hapa, na namba ya dharura ni 114.

Nawasihi wahandisi wa halmashauri za Chato na Geita, na wenzetu wa ofisi binafsi wanaochora mabanda ya ukanda huu, tuanze na banda moja. Tuchague soko lenye watu wengi, tuhesabu mzigo wake, tuvushe joto kwa njia sahihi hadi kwenye chuma chake, na tuwape wenye meza jibu la dakika. Programu ni za bure na kanuni zinajulikana. Banda linalojaa watu kila siku ya soko linastahili mhandisi ajue, kabla ya moto, ni nguzo ipi itakayoanguka kwanza.